Je, wajua? Kwa nini mcheza poka hodari huikimbia meza ya mahodari

Mtoto wa shangazi yangu anaendesha teksi London, na usiku hupenda kusubiri abiria Edgware Road, karibu na kasino ya Victoria. Yeye mwenyewe hachezi. Anawabeba wanaotoka kucheza, na mtu aliyetoka mezani saa tisa za usiku huwa na mengi ya kusema. Alipokuja nyumbani kufunga Ramadhani, siku moja baada ya tarawehe tulikaa Jaws Corner, baraza ya Mji Mkongwe hapa Zanzibar, na kahawa yetu, pembeni wazee wamelizunguka bao. Nikamuuliza: katika mji mkubwa kama ule, mcheza poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana fedha, huchaguaje pa kwenda?

Kabla hajafungua mdomo nikajijibu. Nikamwambia bila shaka watu huenda kwenye kasino inayotoa, ile ambayo mtu akiingia na paundi mia anatoka na mia tano.

"Unazungumza kitu chengine kabisa," akanambia. "Kasino haichezi poka."

Jibu hilo lilinishughulisha wiki nzima, kwa sababu nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba michezo yote ya kasino ni mmoja: wewe upande huu, mwenye nyumba upande ule, na bahati katikati. Naona wengi wetu tunaamini hivyo, na kosa lenyewe halikutoka hewani. Kwa michezo mingi ya kasino, ndivyo ilivyo.

Chukua ruleti, lile gurudumu lenye kijipira. Ulaya lina vitundu 37, kuanzia 0 hadi 36. Ukiweka paundi moja juu ya namba moja na ikatoka, unarudishiwa yako na kulipwa 35 juu yake. Kwa vitundu 37, malipo ya haki yangekuwa 36. Hiyo moja iliyokatwa ndiyo riziki ya kasino: katika kila paundi 100 zinazowekwa, kwa wastani 2.70 hazirudi. Marekani magurudumu mengi yana sifuri mbili, vitundu vinakuwa 38, malipo ni yale yale 35, na makato yanapanda hadi 5.26. Hapo kweli mpinzani wako ni mwenye nyumba. Ukipoteza, kapata yeye. Ukishinda, katoa yeye. Kuuliza kasino gani ina gurudumu la sifuri moja ni swali la maana.

Poka haimo katika hesabu hiyo. Katika aina inayochezwa zaidi siku hizi, Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa katikati kwa ajili ya wote: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Katikati ya hatua hizo watu huweka fedha, hupandishiana, au hutupa karata zao na kujitoa. Fedha zote huingia kwenye lundo moja, na lundo huchukuliwa na mwenye karata bora, au na aliyebaki peke yake baada ya wengine kuogopa. Mgawaji wa kasino aliyevaa kizibao hana senti yake pale. Anachanganya, anagawa, anahesabu, na lundo analisukuma kwa mshindi. Ukishinda paundi 300, hizo hazikutoka kwa kasino. Zilikuwa mfukoni mwa yule bwana mwenye kofia aliyekaa mkabala nawe.

Sasa, kama kasino haichezi, inakula wapi? Tuingie kwa utaratibu, maana utamu wote wa jambo hili umo humu.

Nenda Malindi asubuhi mapema, vyombo vinaporudi baharini. Dalali yuko mbele ya mafungu ya changu na kibua, anapiga mnada. Wachuuzi wanapandishiana, mmoja anashinda, fungu linaondoka. Dalali hakuvua wala hatokwenda kukaanga, na hana haja ya kujua nani kanunua, ikiwa kanunua ghali au kwa bei ya kutupa. Chake kimo ndani ya kila fungu linalouzwa. Anachokiombea ni mafungu yawe mengi na mnada usisimame.

Mwenye meza ya poka ni dalali huyo. Mbele ya mgawaji, ubapani mwa meza, pana tundu dogo, na chini yake limefungwa kisanduku kwa kufuli. Kila lundo linapokua, mgawaji hutoa humo kipande kimoja au viwili vya plastiki, vile vinavyosimama badala ya fedha, akavitelezesha mpaka kwenye tundu. Vikishaingia havionekani tena. Mahali pengi makato ni asilimia 5 au 10 ya lundo, yenye kikomo: yakifika kiasi fulani hayaendelei. Na mahali pengi mgao, yaani duru moja ya karata, ukiisha kabla ya zile karata tatu za mwanzo kufunuliwa, hakikatwi kitu. Kwenye meza za fedha nyingi, badala ya kukata lundo, mara nyingi kila mchezaji hulipia muda aliokaa, kwa nusu saa au kwa saa.

Ila mfano wa mnada unafika mahali unakatika, na ni vizuri kuona unakatikia wapi. Malindi, samaki wametoka baharini. Kimeongezeka kitu ambacho jana hakikuwapo, kwa hiyo mvuvi, dalali, mchuuzi na mpishi wote wanaweza kurudi nyumbani na faida. Mezani hakuna bahari. Hakuna aliyevua. Kwa hiyo niongeze mfano wa pili, upatu. Watu tisa wanachanga, anapokea mmoja, mwezi ujao mwengine, mpaka mzunguko unatimia na kila mtu kapata alichotoa. Sasa fikiria upatu ambao mshika daftari anajikatia kidogo kila mara fedha zinapobadilisha mkono. Mzunguko ukitimia, wote tisa kwa jumla wamepungukiwa, hata kama mmoja wao anacheka.

Tuweke namba za mfano. Wachezaji tisa, kila mmoja kakaa na paundi 200. Mezani pana paundi 1,800. Meza ya kawaida yenye mgawaji hutoa migao kama 30 kwa saa. Tuseme kwa wastani kila mgao unakatwa paundi 4. Ni paundi 120 kwa saa. Gawa 1,800 kwa 120, unapata 15. Yaani watu tisa wenye uwezo sawa, wasipoongeza fedha mpya, wanahitaji saa 15 tu kwa meza nzima kumalizikia ndani ya tundu lile. Nilipofika hapo nilirudia hesabu mara tatu. Kila mmoja analipa zaidi ya paundi 13 kwa saa kwa kukaa tu, na halipi kwa risiti wala hakuna anayemdai. Anakatwa katika malundo aliyoyashinda, wakati ambapo moyo wake umejaa furaha na macho hayako kwenye kisanduku.

Ndiyo maana abiria wa binamu yangu hawazungumzii kasino inayotoa. Wanazungumzia makato, wakilinganisha Victoria na meza zilizomo Hippodrome kule Leicester Square, jengo lililofunguliwa mwaka 1900 kwa ajili ya sarakasi na likawa kasino mwaka 2012. Wanauliza asilimia ngapi, na zaidi wanauliza kikomo. Kikomo kina siri yake. Lundo la paundi 40 likikatwa asilimia 5 ni paundi 2, zimekwenda zote. Lundo la 400 lingekatwa 20, lakini kikomo kikiwa 10, asilimia imeshuka hadi 2.5. Kwa hiyo meza ndogo, zinazoonekana salama kwa mtu mwenye fedha kidogo, mara nyingi ndizo zinazoliwa zaidi kwa kulinganisha. Las Vegas kuna na la ziada: desturi ni mshindi wa lundo kumpa mgawaji bakshishi, aghalabu dola moja, na dola hizo nazo zimetoka kwenye meza ile ile.

Lakini makato ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ndiyo iliyonipendeza zaidi, kwa kuwa inakwenda kinyume na malezi yetu ya barazani.

Kwenye bao, fundi humtafuta fundi. Mzee akisikia kuna mtu katoka Makunduchi anayecheza vizuri, hulala akimuwaza. Kumfunga mwanafunzi hakuna sifa. Watu watakuuliza umemfunga nani. Wahedi wa sitini, ule mchezo wa karata, ni hivyo hivyo: ukizipata alama 61 kati ya 120 mbele ya mtu asiyejua turufu imeshatoka au bado, hutasimulia. Heshima ya mshindi inapimwa kwa uzito wa aliyeshindwa.

Poka ya fedha imelipindua hilo. Kwa kuwa fedha hutoka kwa wachezaji wenzako, na kwa kuwa kisanduku kinapunguza jumla saa baada ya saa, kuwa hodari hakutoshi. Unatakiwa uwazidi wenzako kwa kiasi kinacholipia makato na kubakisha. Wakusanye wachezaji tisa bora wa dunia kwenye meza moja. Wale wa mwisho, watu ambao mji mwengine wowote wangekuwa wafalme, watarudi wamepoteza. Mchezaji wa kawaida anayechagua meza ya wageni wa Ijumaa usiku anaweza kupata zaidi kuliko bingwa aliyejitia kwa mabingwa Jumanne mchana. Kwa hiyo mcheza poka mzoefu haangalii jengo wala taa. Husimama pembeni dakika kumi akiangalia watu: wangapi wanaingiza fedha kila mgao bila kuchagua karata, nani anaongeza fedha baada ya kupoteza, malundo yanakua au yanakufa mapema. Meza ya kimya, kila mtu kavaa vidude masikioni na anatupa karata zake upesi, huikwepa. Alama hizo nazo si hakika. Meza yenye vicheko inaweza kuwa ya watu wanaojuana miaka ishirini, na anayecheka zaidi ndiye mkali wao.

Pia mtu hawezi kujua haraka kama kweli anawazidi wenzake. Kupewa ree mbili mkononi, mwanzo ulio bora kuliko wote, hutokea kwa wastani mara 1 katika migao 221. Kwa migao 30 kwa saa, ni zaidi ya saa saba. Mtu anaweza kukaa kutoka Isha hadi Alfajiri asizione. Kwa mwendo huo, miezi kadhaa ya ushindi inaweza kuwa ni bahati tupu iliyovaa nguo za ufundi. Hata mahakama imewahi kuvutwa humo: mwaka 2007 mwendesha klabu moja ya poka London alitiwa hatiani kwa kuuendesha mchezo bila leseni, baada ya kujitetea kwamba poka ni ujuzi na si bahati. Wazee wa baraza la mahakama hawakumkubalia.

Kwetu sisi hukumu ya dini imeshasemwa. Aya ya 90 ya Surat Al-Maida imeitaja kamari pamoja na ulevi, na siandiki haya kumpa mtu ramani ya kwenda kucheza. Naandika kwa sababu naona vijana wetu wa skuli wakiweka mikeka kwenye simu wakidhani wanashindana na bahati, au na kijana mwenzao wa Mwanakwerekwe. Mkeka uko upande wa ruleti. Kampuni ndiyo mpinzani, kampuni ndiyo inayopanga bei, na faida yake imeshakaa ndani ya bei kabla mpira haujaanza. Ni vyema kujua umekaa mbele ya nani.

Usiku ule, binamu yangu alipomaliza kunieleza habari ya kisanduku, bao la pembeni lilikuwa limekwisha. Mshindi hakupewa kitu ila kupishwa nafasi na kuongezwa kikombe cha kahawa. Mzee mwenye bao akalikung'uta, akazikusanya komwe kutoka mashimo yote 32, akaanza kuzihesabu nne nne juu ya sementi kabla ya kuzitia mfukoni. Zilikuwa 64 mchezo ulipoanza. Zikatoka 64.