Linaloli: pande mbili za harufu moja, na hewa inayoiharibu

Nusa lavenda, mrehani, mbegu za giligilani, au chai nyeusi iliyosindikwa vizuri. Kote humo utakutana na molekuli moja: linaloli. Ina atomu 10 za kaboni, 18 za hidrojeni na moja ya oksijeni. Harufu yake ni ya maua, ina uchangamfu kidogo wa ndimu na kwa mbali ukavu wa mti. Wachanganyaji wa manukato huitia karibu kila mahali, kuanzia marashi ya bei kubwa hadi sabuni ya kufulia, na wachanganyaji wa ladha huihitaji pia. Kazi yangu ni kupima mafuta ya kunukia maabara, na katika molekuli zote zinazopita mikononi mwangu, hii ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Ndiyo pia inayoeleweka vibaya zaidi.

Tuanze na umbo. Ndani ya linaloli kuna kaboni moja iliyoshikana na vitu vinne vilivyo tofauti, na kwa hiyo molekuli inaweza kupangika kwa namna mbili. Ni kama mkono wa kulia na wa kushoto: vidole ni vilevile, lakini glavu ya mmoja haimwingii mwenzake. Wakemia huziita R na S. Mmea hutengeneza linaloli kutoka geranili pirofosfati, malighafi iliyomo ndani yake, kwa kutumia kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia, na kimeng'enya kwa kawaida hupendelea upande mmoja. Lavenda hutoa R karibu tupu. Giligilani huelemea S. Clarkia breweri, ua la California linalowaita nondo kwa harufu, hutoa S. Kutoka ua hilo, katika miaka ya 1990, Eran Pichersky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walikitenga kimeng'enya kinachoitengeneza.

Pua nayo inazitofautisha. R ina ulavenda na umti. S ni tamu zaidi, na huhitaji kiasi kikubwa zaidi ndipo isikike. Katika maji, R huanza kunukia kwenye takriban sehemu 0.8 kwa bilioni, S kwenye 7.4.

Tofauti hiyo ndiyo inayonisaidia kukamata udanganyifu. Linaloli nyingi ya kiwandani huwa nusu R na nusu S, kwa sababu mitambo haichagui upande kama kimeng'enya. Basi nikipitisha mafuta ya lavenda katika kromatografia ya gesi, yaani mashine inayotenganisha mvuke wa mchanganyiko, kwenye mrija mrefu mwembamba uliopakwa saiklodekstrini (sukari yenye umbo la pete), pande zile mbili hutengana na kutoka kila moja kwa wakati wake. S ikitokea nyingi, mafuta yameongezewa. Wajanja wameshalijua hilo. Wengine huongeza linaloli ya mti wa kafuri aina ya ho, ambayo ni ya asili na ni R kwa sehemu kubwa sana, kwa hiyo kipimo cha pande mbili peke yake kinapita. Hapo nahamia kwenye chembechembe ndogo: mabaki ya kafuri hunielekeza kwenye mti wa ho, na dihidrolinaloli, mabaki ya utengenezaji, hunielekeza kiwandani.

Lakini swali la asili au kiwanda, ambalo watu huliuliza kwanza, kwa ngozi yako si kubwa kama wanavyodhani. Swali kubwa ni hewa.

Linaloli safi ni dhaifu mno katika kusababisha mzio. Ila ina vifungo viwili maradufu vya kaboni, na hidrojeni zilizo jirani na vifungo hivyo hazijashikwa kwa nguvu. Oksijeni ya kawaida, katika joto la kawaida la chumba, hupenya pale na kutengeneza hidroperoksaidi, yaani molekuli zenye oksijeni mbili zilizoungana. Hizo ndizo zinazoamsha kinga ya mwili na kuleta mzio wa ngozi. Ann-Therese Karlberg na wenzake wa Gothenburg, Uswidi, walilichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na moja ya matokeo yao ningependa kila muuzaji wa mafuta ya kunukia alijue: mafuta ya lavenda hayana kinga ya asili dhidi ya kuoza huku. Linaloli iliyomo ndani yake huharibika kama ile iliyo peke yake. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mafuta ya asili yanajilinda yenyewe anakupotosha, hata kama nia yake ni njema.

Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa 2003 inataka linaloli itajwe kwa jina kwenye lebo ikizidi asilimia 0.001 katika vipodozi vinavyobaki mwilini, au 0.01 katika vile vinavyooshwa. Ni sheria nzuri, lakini lebo haisemi chupa imekaa wazi muda gani.

Tiba yake ni kuwahi. Kizuia oksijeni, kwa mfano tokoferoli, yaani vitamini E, kitiwe siku mafuta yanapotengenezwa. (Napenda kwamba viwandani linaloli yenyewe ni hatua mojawapo ya kuitengeneza vitamini E.) Ukikitia baadaye kitapunguza kasi tu, hidroperoksaidi zilizokwisha kuzaliwa hakiziondoi. Chupa iwe ndogo, ijae, ifungwe vizuri, ikae gizani na mahali pa baridi. Chupa kubwa iliyobaki robo imejaa hewa.

Usitegemee pua kukuonya, kwa kuwa mafuta yaliyoharibika bado hunukia vizuri. Hata kromatografia ya gesi hudanganyika, maana joto la mashine huzivunja hidroperoksaidi kabla hazijaonekana. Sisi huzipima kwa iodini: hidroperoksaidi huikomboa kutoka kwenye iodaidi, chumvi yake, nasi tunahesabu iliyotoka. Kikomo cha IFRA, shirikisho la kimataifa la manukato, ni milimoli 20 kwa lita. Mafuta yakizidi hapo siyapitishi kwa matumizi ya ngozi, hata yakiwa ya lavenda safi kabisa.