Ukiufyeka kiangazi, haujafa

Dodoma utasikia kwamba ule mmea utambaao uani, Antigonon leptopus, wenye vishada vya maua ya waridi, ukifyekwa kiangazi umekwisha. Sivyo. Ardhini una viazi vyenye akiba ya maji na chakula. Mvua za Desemba zikinyesha, huchipua upya. Asili yake ni Meksiko, na ukame umeuzoea.

Huko Guam, kisiwa cha Pasifiki, na Sint Eustatius, kisiwa cha Karibi, umetanda juu ya mimea ya asili na kuinyima mwanga. Mbegu zake huelea majini, kwa hiyo tafadhali usitupe mabaki korongoni. Nyuki wanaupenda, nami namwelewa anayeupanda. Ila anayetaka kuung'oa achimbe viazi vyote, kisha akague machipukizi kila baada ya mvua.