Ukiiweka hadithi mtandaoni, bado ni yako

Waandishi wengi chipukizi huzifungia hadithi zao kwenye simu kwa hofu: "Nikiiweka Facebook kabla ya kuisajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania), wataniibia na sitakuwa na haki." Sivyo. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Kenya ilijiunga nao 1993 na Tanzania 1994, hakimiliki ni yako tangu unapoandika, usajili au bila usajili. Cheti hukusaidia kwenye ushahidi mkifikishana mahakamani, basi. Na kinacholindwa ni maneno yako, si wazo. Kisa cha mama wa kambo mkorofi ni ruksa kwa yeyote.

Cha kuogopa hasa ni kingine: mashindano mengi hukataa kazi iliyokwisha kuchapishwa, na mengine huhesabu hata kuiweka kwenye ukurasa wako binafsi kuwa ni kuichapisha. Kwa hiyo weka mtandaoni sura ya kwanza tu, ikatie penye taharuki, mfano pale mlango unapogongwa.