Punje haiyeyuki, na haifai kuyeyuka

"Dakta, namwagilia asubuhi na jioni, na hizi punje bado ziko vilevile. Niongeze maji?"

Swali hili, la punje za mbolea iliyopakwa ganda la plastiki ili itoke pole pole, hunijia kutoka Ruai, kutoka Kikuyu, hata kwa watu wa sukuma wiki za kwenye magunia kule Kayole. Wa juzi alikuwa ameshamwaga CAN, mbolea ya kawaida ya nitrojeni isiyo na ganda, juu yake, eti azisaidie. Nilimwambia afanye jambo moja: achukue punje, aibinye kwa kucha. Ikitoka tone la maji na kubaki ganda tupu, kazi imekwisha. Ukikuta kiini kigumu cheupe, bado kuna mbolea. Macho peke yake hayakwambii kitu, kwa sababu ganda la plastiki halikuwekwa liyeyuke.

Unyevu wa kawaida wa udongo, ule unaoutosha mche, hupenya ganda, chumvi ikayeyuka humo ndani, kisha ikavuja nje pole pole. Udongo ukishakuwa na unyevu wa kutosha, kuongeza maji hakuharakishi chochote. Joto ndilo linaloharakisha. Kwa aina nyingi, joto likipanda nyuzi 10, kasi hukaribia kuwa maradufu. (Urea iliyopakwa salfa ni habari nyingine: hiyo hutegemea nyufa na vijidudu vya udongoni.)

Sasa tuje kwenye mfuko. Umeandikwa kwamba mbolea hudumu miezi 3 hadi 4, nawe umehesabu kwenye kalenda. Soma maandishi madogo basi! Watengenezaji wengi hupima muda huo kwa nyuzi 21, wengine kwa 25. Udongo wa Limuru mwezi wa Julai haufiki huko, kwa hivyo miezi 3 hujivuta na sukuma ikabaki njano. Peleka punje hizohizo kwenye kivungulio (greenhouse) cha nyanya Athi River mwezi wa Februari, vyungu vyeusi vikipigwa jua, na mbolea itakuishia ukiwa bado unavuna. Huyu atasema ni feki, yule atasema haina nguvu. Feki zipo, sikatai, lakini mara nyingi mshtakiwa ni joto.

Maji mengi yana kazi moja ambayo huitaki: kusukuma naitreti, ile nitrojeni inayobebwa na maji kwa urahisi, chini ya mizizi. CAN huumia zaidi, maana nusu ya nitrojeni yake tayari ni naitreti, na ukifungulia mfereji siku hiyohiyo umeipungia mkono. Ukimwagilia kwa mipira ya matone, fukia punje pale tone linapolowesha. Ukizitupa katikati ya mistari, penye udongo mkavu, zitalala tu. Usizisage. Usizichanganye na udongo mbichi wa kitalu ukauweka stoo, kwani zitaanza kuvuja humo na miche itaungua.

Mchicha wa wiki nne usiuhangaikie kwa punje hizi. Hoho na nyanya, sawa. Sukuma ya shamba la wazi? Kwa bei ya punje hizi, sijashawishika. Mimi hupendelea CAN kidogo kidogo, mara nyingi.

Na yale maganda matupu pia hayanipi raha. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya 2019, umewataka watengenezaji wahamie kwenye maganda yanayooza. Kwetu hubaki shambani, msimu juu ya msimu, na hakuna anayeyaokota.