Kikao cha mapitio: tukague msaada kabla ya kumkagua mtoto

Vikao vingi vya kupitia mpango wa mtoto mwenye mahitaji maalumu huharibika katika dakika ya kwanza. Mwalimu anafungua faili, anamtazama mzazi, anasema: "Mama, mtoto bado yuko palepale." Mama anainamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyefeli. Baada ya hapo maneno ya mwaka jana yananakiliwa, tarehe inabadilishwa, watu wanasaini na kuagana. Sisi tunaofanya kazi ya upimaji wa watoto hawa tunayapokea mafaili hayo. Nimewahi kukuta moja ambalo mtoto alikuwa na miaka saba katika karatasi tatu za miaka mitatu tofauti, kwa sababu aliyenakili alinakili na umri.

Mpango ninaouzungumzia ni mpango binafsi wa elimu, ule ambao walimu wengi wa elimu maalumu hapa Tanzania huuita IEP. Unaeleza mtoto anaweza nini leo, afike wapi, asaidiwe na nani na kwa kifaa gani, na lini watu wakae tena kuutazama. Tukisema ukweli, mpango ule ni makisio ya kitaalamu. Tulimpima mtoto asubuhi moja, katika chumba asichokijua, mbele ya watu asiowajua, tukakadiria kitakachomfaa. Kikao cha mapitio ndipo mahali pa kuuliza kama tulikadiria sawa, na kabla ya hapo, kama tulichokiandika kilifanyika.

Chukua mfano wa msichana wa darasa la tatu mwenye ualbino. Nimwite Neema, ingawa si jina lake. Mpango wake ulikuwa na mstari ninaoukuta karibu katika kila faili la mtoto mwenye uoni hafifu: "Akae mbele." Na kweli alikaa mbele, dawati la kwanza kabisa, kando ya dirisha. Muhula mzima alikuwa ananakili nusu tu ya kazi za ubaoni, na shule ikawa inafikiria arudie darasa.

Tulikwenda kukaa naye darasani. Ilipofika saa tatu asubuhi jua lilikuwa linapiga ubaoni na usoni pake. Amekunja macho, kichwa ameinamisha, na kofia yake iko ndani ya mkoba kwa sababu sheria ya darasa ilikataza kofia. Macho ya watu wengi wenye ualbino hayastahimili mwanga mkali, kwa hiyo dawati la mbele lenye jua linaweza kumfaa kidogo kuliko la nyuma yake lenye kivuli. Katika mapitio tukafuta "akae mbele" tukaandika: akae safu ya pili upande wa ukutani, avae kofia darasani, asogelee ubao wakati wowote bila kuomba ruhusa, na mwalimu atamke kwa sauti kila anachokiandika. Haikutumika hata shilingi. Suala la kurudia darasa lilikufa lenyewe.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila mstari wa msaada uliomo kwenye mpango ukaguliwe kwa macho. Faili likisema "ana shimesikio", yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, kitoeni mkione. Betri zake ndogo za duara huisha baada ya siku kadhaa, zikidumu sana wiki mbili hivi. Kile kipande kinachotengenezwa kwa umbo la sikio nacho hulegea mtoto anapokua. Kikilegea kifaa kinapiga mluzi, wenzake wanacheka, naye anakivua na kukitia mfukoni. Kwenye karatasi mtoto huyo anasikia.

Au mtoto mwenye kifafa ambaye mwalimu ameandika kwamba ni mvivu, analala kila kipindi cha kwanza. Baadhi ya dawa za kifafa huleta usingizi, hasa dozi inapoanza au inapoongezwa. Mama yake anajua dozi iliongezwa lini, ila hakuna aliyemuuliza. Dawa haiachwi kwa sababu ya kikao cha shule. Daktari aelezwe, na wakati huohuo mazoezi ya kusoma yasogezwe hadi saa ambayo mtoto yuko macho.

Baada ya msaada ndipo tuje kwenye malengo, na hapa kosa kubwa ni la lugha. "Aboreshe kusoma" halipitiwi na mtu yeyote, maana hakuna anayeweza kusema limefikiwa au la. Lengo linalopitika linasomeka hivi: ifikapo mwisho wa Machi asome silabi za m, k na t pamoja na irabu zote tano, bila kusaidiwa, akipatia mara nne kati ya tano. Machi ikifika, unamwekea kadi mezani na unahesabu. Akipatia mara mbili, jiulize kama hatua ilikuwa ndefu mno, kama kadi zilikuwa na maandishi madogo, au kama mazoezi yalifanyika wiki mbili tu kisha mwalimu akahamishwa.

Najua mwalimu anayesoma hapa ana watoto themanini darasani na anatamani kuniuliza muda huo ataupata wapi. Ni swali la haki. Ndiyo maana mimi napendelea malengo matatu yanayofuatiliwa kuliko kumi na mawili ya kupamba faili. Daftari moja na mstari mmoja kila Ijumaa vinatosha: tarehe, alichojaribu, alichopatia. Mistari kumi ya aina hiyo ina thamani kwangu kuliko ripoti ndefu iliyoandikwa usiku wa kuamkia kikao.

Mzazi naye asije mikono mitupu. Baba mmoja alisikiliza tukieleza kwamba mwanawe hawezi kujumlisha, akasema taratibu, "Mwalimu, mbona namtuma dukani na elfu moja, ananunua chumvi na kiberiti, chenji anarudisha sawasawa?" Tuligeuza lengo zima la hisabati siku hiyo, likaanzia kwenye sarafu na noti badala ya vijiti. Na mtoto mwenyewe aitwe, hata kwa dakika tano. Ukimuuliza kwa maneno, kwa picha au kwa lugha ya alama ni kipindi gani hakipendi, atakuonyesha tatizo ambalo watu wazima mmelizunguka saa nzima.

Mwisho wa muhula, Juni na Desemba, ni nyakati nzuri za kukaa. Lakini akibadilishiwa mwalimu, akihama shule, akipata kifaa kipya au afya ikibadilika, msisubiri. Mzazi ana haki ya kuomba kikao. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka kila mwanafunzi apewe msaada unaomlenga yeye binafsi, na tangu mwaka 2010 tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Anza na mwalimu mkuu. Ukikwama, nenda kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri.

Kikao kimoja kisikose kabisa: kile cha kabla ya mwaka wa mtihani. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa na za nukta nundu, na watahiniwa wanaostahili huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mahitaji hayo yaandikwe wakati wa kumsajili mtoto. Naye awe ameshazoea: asiyewahi kusoma maandishi makubwa darasani atapoteza dakika zake za ziada akihangaika kugeuza kurasa.

Kabla ya kuondoka, mzazi aombe nakala iliyosainiwa, au aipige picha kwa simu. Mafaili hupotea mtoto anapotoka msingi kwenda sekondari, na mwalimu mpya wa kidato cha kwanza atamweka Neema mbele, kando ya dirisha.