Marvel au DC? Mimi naangalia mkono uliochora

Ukijulikana Kigoma kwamba wewe ni mchoraji wa katuni, swali halichelewi: Marvel au DC, zile kampuni mbili za Marekani za vitabu vya katuni vya mashujaa? Vijana wa vijiweni pale Mwanga wanaliuliza kama Simba na Yanga, na wengi wao stelingi hawa wamewajua kwenye vibanda umiza na kwenye simu, si vitabuni. Ubishi wenyewe siku zote ni nani atampiga nani. Superman akikutana na Hulk, nani analala? Hilo halinisumbui hata kidogo, maana atashinda yule ambaye mtunzi ameamua ashinde. Mimi kitabu nakipenda kwa jinsi ukurasa ulivyochorwa, na hapo ndipo ninapoiona tofauti ya kweli kati ya kampuni hizi mbili.

DC ndiyo kongwe: Superman alitoka 1938, Batman 1939. Huko, kwa kawaida, mwandishi aliandika hati kamili, kila fremu, yaani kila kisanduku cha mchoro, na maneno yake, na mchoraji akachora alichopewa. Marvel ya miaka ya 1960 ilikwenda kivingine. Stan Lee, mwandishi na mhariri wake, alikuwa na vitabu vingi mkononi kwa wakati mmoja, hati kamili angeziandika saa ngapi? Akawa anampa mchoraji kisa kwa ufupi, mara nyingine kwa mdomo tu. Mchoraji anakwenda kukigawa kwenye kurasa, anaamua pa kukazia na pa kupita haraka, kisha Lee anajaza maneno kwenye viputo. Yaani msimulizi hasa alikuwa mwenye penseli.

Tazama toleo la 33 la The Amazing Spider-Man, la mwaka 1966, alilochora Steve Ditko. Spider-Man amelaliwa na mtambo mzito wa chuma, maji yanavuja kutoka juu, na dawa ya kumwokoa shangazi yake iko palepale mbele ya macho yake, mkono haufiki. Ditko anaanza na fremu ndogo zilizobanana, mwili umejikunja, kichwa kimeinama. Anajaribu, anashindwa, anajaribu tena, na kadiri anavyojisukuma fremu nazo zinapanuka. Halafu unafunua ukurasa, unakuta mchoro mmoja umeujaza wote: chuma kimeinuliwa juu na maji yanamwagika. Ziba maneno yote kwa kiganja, bado kisa utakielewa. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huwa nawanakilisha mfuatano huu kabla ya kuwaruhusu wachore ngumi hata moja.

Ndiyo maana napigania vitabu vya karatasi, ingawa kuvipata huku ni mpaka mtu apande treni kutoka Dar akiwa na kimoja begini. Simu nyingi zinakuonyesha fremu moja moja, na kila fremu inajaza kioo sawasawa na mwenzake. Kazi yote ya Ditko ya kupanua inapotea hapo. Unasoma kisa kilekile lakini uzito wa chuma huusikii.

Basi mtu akishasikia hivi anahitimisha kuwa mimi ni wa Marvel. Sikubali, kwa sababu mikono yenyewe ilihama. Mchoraji Jack Kirby, aliyeanzisha kundi la mashujaa la Fantastic Four pamoja na Lee mwaka 1961 na Black Panther mwaka 1966, aliondoka Marvel mwaka 1970 akaenda DC, na huko akamzaa Darkseid, adui mkubwa wa mashujaa. Mwaka 1973 mchoraji Jim Starlin akamleta adui mwingine, Thanos, upande wa Marvel, na mwenyewe amekiri kwamba kazi ya Kirby ya DC ilimwongoza. Kwa hiyo wale wanaobishana Thanos na Darkseid nani zaidi wanabishania matunda ya mkono mmoja. Mkono huo ukishauzoea, utautambua popote: vidole vinene vya pembe nne, ngumi inayokujia usoni, na zile doa nyeusi za duara anazozirundika panapolipuka nguvu. Kwangu, Kirby wa DC ni Kirby yuleyule, tena mwenye uhuru zaidi.

Miji nayo ina ladha yake. Gotham ya DC, mji wa Batman, ni ya kubuni, kila mchoraji anaijenga upya kwa vivuli vyake, na kwa hilo Batman ananivuta kuliko stelingi yeyote wa Marvel anayeruka juu ya New York. Yale matoleo makubwa ya kukusanya mashujaa wote pamoja siyapendi. Sura hamsini kwenye ukurasa mmoja, hakuna hata moja yenye pumzi.

Nikikopesha kitabu, ninachouliza kikirudi ni nani kachora na nani kaandika. Bill Finger aliandika visa vya kwanza vya Batman na kuchangia sana sura yake, lakini kwa miongo mingi aliyetajwa rasmi kuwa mbunifu ni mchoraji Bob Kane peke yake. Finger alifariki 1974. Jina lake lilianza kuwekwa rasmi kando ya la Kane mwaka 2015.