Umechuma mbegu kwenye mama wangapi?

Mkulima mmoja wa Mufindi aliniletea mfuko wa mbegu za msindano (wenyewe wanauita paina) akitaka kujua kama zinafaa kwa kitalu. Nikamwuliza amezichuma kwenye miti mingapi. Akacheka. “Mmoja tu mtaalamu, ule wa kando ya barabara. Matawi yake yako chini.”

Mbegu hii nimeikata kwa wembe mara nyingi na bado hainichoshi. Katikati kuna kiinitete, kimezungukwa na nyama nyeupe. Nyama hiyo ni ya mama peke yake, tena ina nusu tu ya vinasaba vyake, ilhali kiinitete kina vya mama na baba. Pima vinasaba vya kila kimoja kivyake, ondoa vya mama, vitakavyobaki ni vya chavua iliyoletwa na upepo. Ndivyo tunavyomtambua baba asiyeonekana.

Tukilinganisha misitu ya asili na mashamba ya kupandwa, wastani wa uanuwai, yaani utofauti wa vinasaba kati ya miti, mara nyingi unakaribiana, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Zinazopotea shambani ni aleli adimu, yaani sura za kinasaba zilizobebwa na miti michache. Ukichuma kwa mama wachache, wastani hautikisiki sana, lakini adimu umeziacha porini, na huenda mojawapo ndiyo ingehitajika siku ugonjwa ukiingia.

Chukua Pinus radiata, aina mojawapo ya msindano. Kwao ni sehemu tano tu: tatu pwani ya California, na visiwa vya Guadalupe na Cedros huko Meksiko. Guadalupe mbuzi walitafuna miche kwa zaidi ya karne, ikabaki miti mikongwe mia chache. Walipoondolewa miaka ya 2000, miche ikarudi. Kenya nao waliipanda, ugonjwa wa kuvu wa Dothistroma ukaunguza majani yake, upandaji ukaachwa miaka ya 1960. Sidai kwamba ufinyu wa vinasaba ndio uliosababisha. Hali ya hewa yetu ya milimani iliupendelea ule ugonjwa. Ila shamba la miti ya mama mmoja, ndugu watupu, lingekuwa na pa kujitetea padogo zaidi.

Tena ndugu wakichavushana, mbegu nyingi hutoka tupu, na miche inayoota hudumaa.

Nikamshauri achume kwenye miti mingi iliyonyooka, iliyoachana mbali, kisha achanganye kwa vipimo sawa. Akanitazama. “Hiyo mirefu ataikwea nani?”

Swali la haki. Tulianza kutafuta kijana mwenye kamba.